Kariakoo Mbili: Dar es Salaam, Nairobi na Amani ya Mwanamke Mtaani



Kila unapoingia Mfunguo Mosi na harusi zikaanza kupamba moto, suali hurudi lile lile. Bwana harusi anafanya kazi Dar es Salaam, au ana duka Nairobi, na biharusi atavuka bahari kumfuata. Vyombo vimeshafungwa, nguo zimeshashonwa, na mama mtu anauliza kwa sauti ya chini: mji ule salama?

Majibu huwa mepesi. Mmoja atasema Dar hakuna tabu, Nairobi ndiko kwa kutisha. Mwengine atasema kinyume chake, kwamba Kariakoo simu inakwapuliwa mchana kweupe, na Nairobi mtu anajua kujilinda. Sisi tunaona mji mzima haupimwi kwa neno moja. Mwanamke haishi katika mji mzima. Anaishi mtaani, na kila mtaa una historia inayoeleza kwa nini ndani yake anatembea moyo ukiwa mtulivu, au anatembea akiwa ameukumbatia mkoba.

Basi leo tuchukue mitaa miwili yenye jina moja: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.

Jina moja, vita moja

Jina hili si la Kiswahili wala si la mzee yeyote wa pwani. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Waingereza walipokuwa wakipigana na Wajerumani katika Afrika Mashariki, mizigo ya jeshi ilibebwa vichwani na mabegani mwa Waafrika. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, na makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi.

Nairobi kambi yao ilikuwa upande wa mashariki wa mji. Dar es Salaam Waingereza waliingia Septemba 1916, na kambi ya wapagazi ikawekwa pale ambapo baadaye paliitwa Kariakoo. Midomo ya watu ikalilainisha lile jina la Kiingereza, likabaki.

Kwa hiyo mitaa yote miwili ilianza kuwa na jina hili kwa wanaume waliotolewa makwao, bila mke, bila mama, bila dada. Tofauti ya mitaa hii ilikuja baada ya vita, pale kila mji ulipoamua nani ajengewe nyumba.

Mji wa Sultani na mji wa reli

Dar es Salaam ni mtoto wa kwetu. Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, ndiye aliyeanza kuujenga katikati ya miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Jina lake wengine hulieleza kuwa ni nyumba ya amani, wengine bandari ya salama. Majid alifariki 1870 kabla hajaumaliza, na Wajerumani wakaufanya makao makuu yao 1891.

Nairobi ilianza 1899, reli ya kutoka Mombasa ilipofika bonde lenye maji ambalo Wamasai waliliita kwa jina la maji baridi. Ilianza kama kambi ya reli, na 1905 ikawa makao makuu ya serikali ya kikoloni.

Miji yote miwili iligawanywa kwa rangi. Dar kulikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kiwanja cha Mnazi Mmoja kikawa mpaka baina ya Uhindini na Kariakoo. Nairobi Wazungu walichukua upande wa magharibi wenye vilima na hewa nzuri, Waafrika wakasukumwa mashariki. Ila Nairobi ilikuwa na sheria kali zaidi juu ya Muafrika kukaa mjini. Mwanamume alitakiwa awe na kipande, karatasi yenye alama za vidole na habari za kazi yake, akiiweka katika kikopo kilichoning'inia shingoni. Alihesabiwa kuwa mgeni mjini. Akimaliza kazi arudi shamba, na mkewe abaki huko huko.

Nyumba yenye ua, na bweni la wanaume

Hapa ndipo mitaa yetu miwili inapoachana.

Kariakoo ya Dar ilijengwa na watu wenyewe, kwenye viwanja vilivyopimwa kwa mistari iliyonyooka. Nyumba ilikuwa ile tunayoijua sote: ukumbi katikati, vyumba kila upande, ua nyuma wenye jiko, choo na kisima au bomba, na baraza mbele. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vyengine akapangisha. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Bibi alirithi kwa mumewe, au alijenga kwa pesa ya mandazi na mikeka, akaishi humo na wapangaji wake kama mama wa nyumba nzima.

Faida yake kwa usalama ilikuwa kubwa. Ua ulimpa mwanamke pahala pa kufanya kazi zake bila ya kutazamwa na mpita njia. Baraza ilikuwa na mtu saa zote. Mchana bibi anachambua mchele, jioni wazee wanasubiri adhana. Mtoto wa kike akitumwa dukani, macho matano yanamfuata. Mgeni akiingia mtaani, suali la kwanza ni: unamtafuta nani? Misikiti ilikuwa karibu, na watu wa msikiti mmoja walijuana kwa majina.

Kariokor ya Nairobi ilifuata njia nyengine. Mwishoni mwa miaka ya 1920 manispaa ilijenga pale mabweni ya wafanyakazi wanaume. Mtu alipewa nafasi ya kitanda tu. Hakukuwa na pahala pa mke kupika wala pahala pa mtoto kucheza. Waliopanga mji walihesabu mikono ya kufanya kazi, na mwanamke hakuwemo katika hesabu yao.

Ukiujenga mtaa kwa ajili ya wanaume wasio na familia, usishangae mwanamke akipita humo jioni akaharakisha mwendo. Hakuna wa kumuita jina wala wa kumuuliza mama yake hajambo. Baadaye Nairobi ilijenga nyumba za familia huko mashariki, na Kariokor nayo ikabadilika. Leo soko lake linajulikana kwa vikapu, viatu vya ngozi na nyama choma, na makaburi ya Waislamu ya Kariokor ndiyo wanakozikwa ndugu zetu wengi wa Nairobi. Lakini ile desturi ya mji, kwamba mwanamume yuko kazini na nyumbani ni kwengine, ilichukua miaka mingi kuondoka.

Wanawake wa Pumwani

Tusiwasahau wanawake wa Nairobi, kwani hawakukaa wakisubiri kujengewa.

Pembeni mwa mji kulikuwa na kijiji cha Pangani, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ikafungua Pumwani, ambako Waafrika waliruhusiwa kujenga nyumba zao. Wakajitokeza wanawake waliokuja mjini peke yao, wengine wamekimbia njaa, wengine ndoa mbaya. Wakajenga. Nyumba zao zilikuwa za mtindo wa pwani, zenye vyumba vya kupangisha na ua. Wengi wao walisilimu, wakasema Kiswahili, wakapata dini na jamaa mahali ambapo hawakuwa na ukoo. Maofisa wa kikoloni waliwatazama kwa dharau. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani ilibomolewa, na waliokuwa na nyumba huko wakahamishiwa Shauri Moyo.

Ukitafuta ndugu wa kweli wa Kariakoo yetu kule Nairobi, jina litakupeleka Kariokor lakini maisha yatakupeleka Pumwani. Hapo kuna msikiti, kuna ua, na kuna bibi mwenye nyumba anayejua nani kalala wapi.

Amani hiyo pia iliweza kuvunjwa na serikali yenyewe. Tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, wanajeshi na polisi waliizunguka Nairobi, wakapekua mtaa mmoja baada ya mwengine, wakakamata maelfu kwa maelfu ya watu na kuwapeleka kambini. Wake waliachwa na watoto, au walirudishwa mashamba kwa nguvu. Miezi michache baadaye, Julai 1954, chama cha TANU kilizaliwa Kariakoo, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma aliyezaliwa mji huo 1926, alianza kuwaingiza wanawake chamani kupitia vikundi vyao vya ngoma, nyumba kwa nyumba. Alikuwa mwanamke Muislamu, na mtaa ulimpa nafasi ya kutembea na kusema. Mwaka mmoja, miji miwili, hali mbili mbalimbali.

Mikono juu ya nguo za mwanamke

Hata hivyo tusiipambe Dar kupita kiasi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kampeni dhidi ya sketi fupi na nguo za kubana. Mwezi wa Oktoba, kabla katazo halijaanza kazi, vijana walivamia mabasi kwenye kituo cha Kariakoo, wakawateremsha wanawake na kuwachania nguo. Polisi ilibidi waingie kati.

Miaka 46 baadaye ikawa zamu ya Nairobi. Novemba 2014 wanawake walivuliwa nguo na makundi ya wanaume kwenye vituo vya matatu, na tarehe 17 mwezi huo wanawake wenzao wakaandamana katikati ya mji. Mwisho wa mwaka huo Kenya ikaweka kifungu cha sheria kinachofanya kumvua mtu nguo kwa nguvu kuwa kosa la jinai.

Kuna watakaosema hayo hayatuhusu, sisi tunajisitiri. Yanatuhusu sana. Aprili ya mwaka huo huo wa 2014 serikali ya Kenya ilifanya msako Eastleigh baada ya mashambulio ya kigaidi, na maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa na kupelekwa uwanja wa Kasarani. Mwanamke mwenye hijabu alitazamwa kwa shaka kwa sababu ya vazi lake. Katika mji mmoja na mwaka mmoja, mmoja aliandamwa kwa kuvaa kidogo na mwengine kwa kujifunika. Wanaojipa haki ya kumhukumu mwanamke njiani kwa nguo yake hawaishii kwa yule wa sketi fupi. Stara ni ibada baina ya mwanamke na Mola wake, na dini yetu inamuamrisha mwanamume ainamishe macho yake mwanzo.

Ijumaa ya pamoja

Miji hii miwili ina kidonda kimoja. Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi, mabomu yaliripuliwa kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam kwa kupishana dakika chache. Nairobi walikufa watu 213, Dar watu 11. Ubalozi wa Nairobi ulikuwa katikati ya mji, kwenye njia panda yenye mabasi na maofisi. Ule wa Dar ulikuwa nje ya katikati ya mji, penye nafasi. Wapo wanaosema Nairobi ni mji wenye mkosi. La. Mahali jengo lilipowekwa ndipo palipoamua wangapi watakufa.

Baada ya shambulio la Westgate Septemba 2013, Kenya ilianzisha mpango wa Nyumba Kumi ili majirani wajuane. Wazo hilo lilichukuliwa Tanzania, ambako mabalozi wa nyumba kumi walianza miaka ya 1960 chini ya TANU. Sisi visiwani tunalo la kufanana nalo, kwani mgeni akihamia hupita kwa sheha. Ila Tanzania mabalozi walikuta watu wanaojuana tayari kwa baraza na msikiti. Nairobi mpango ulikuja watu wameshaingiwa na hofu, na wapo walioona wanapelelezwa badala ya kulindwa. Ujirani hauanzi kwa amri.

Leo hali imegeuka

Anayekwenda Dar leo akitarajia Kariakoo ya bibi hataikuta. Nyumba za ua zimevunjwa, magorofa yamesimama, na wenyeji wameuza viwanja wakahamia mbali. Sisi tunaovuka na boti kufuata lesi na vitambaa vya harusi tunauona Mtaa wa Kongo ulivyobanana mchana, bega kwa bega, na mkoba lazima uwe mbele. Anayekusukuma humjui, na muuza duka naye haishi pale. Julai 2021 soko kuu liliungua. Novemba 2024 gorofa liliporomoka na kuua watu. Mwaka 2025 ukazinduliwa mpango wa biashara saa 24, na taa za usiku zina faida yake, lakini taa haijui jina la mtoto wako.

Wakati huo huo Eastleigh, ambayo wengi wanaiogopa kwa kuisikia, imepata uhai ambao Kariakoo inaupoteza. Baada ya Somalia kuvunjika 1991, wakimbizi walianza kuuza nguo vyumbani katika nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge, na chumba kikawa duka. Wanawake walikuwa mstari wa mbele. Leo kuna majumba ya maduka kila upande, na juu yake familia zinaishi. Mwanamke wa buibui anatembea humo usiku bila ya kugeuzwa shingo, kwani kila mmoja amevaa kama yeye. Wezi wapo, na misako ya polisi haijasahaulika. Lakini uso wake si mgeni pale.

Na simu imebadilisha mengi. M-Pesa ilianza Kenya 2007 na Tanzania 2008. Kabla yake mwanamke mfanyabiashara alifunga noti ndani ya kanga kiunoni na kusali mpaka afike. Sasa anayemkwapua anapata simu, hapati mtaji mzima.

Kabla ya kuhamia

Historia hii ina faida gani kwa biharusi? Inamfundisha la kuuliza. Bwana akikwambia nyumba ipo Magomeni au South C, Ilala au Pangani, usiridhike na jina la mtaa. Nenda na wakubwa wako mkaangalie:

- Jioni baada ya Magharibi, kuna wanawake na watoto nje, au wanaume peke yao?
- Mwenye nyumba anaishi karibu, au anakuja kudai kodi tu?
- Kutoka kituo cha basi hadi mlangoni ni hatua ngapi, na njia ina taa?
- Msikiti uko karibu, na una darsa za akina mama? Hao ndio watakaokuwa ndugu zako wa mwanzo.
- Ukipiga kelele usiku, nani atafungua mlango?

Suali hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, na mume ana wajibu wa kulijibu. Kumpa mke makazi ni haki yake kwa sharia, na makazi asiyopata amani ndani yake hayajatimia. Mtume wetu (SAW) alimueleza Adiy bin Hatim kwamba akiishi ataona mwanamke akisafiri kutoka Hira mpaka kwenye Al-Kaaba bila ya kumuogopa yeyote ila Allah, na Adiy aliishi akaliona. Tulitafakari hilo. Safari ya mwanamke peke yake njiani ndiyo iliyotajwa kuwa alama ya amani ya umma mzima. Na alitufundisha pia kwamba haijatimia imani ya mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake.

Kwa kipimo hicho, Dar na Nairobi zote zina mitaa iliyofaulu na mitaa iliyoanguka. Na ile iliyofaulu mara nyingi utakuta kuna mwanamke aliyekaa barazani, akamjua jirani, akamuuliza mpita njia anamtafuta nani. Biharusi anayehamia leo naye atakuwa jirani wa mtu. Akifika, abishe hodi nyumba ya kushoto na ya kulia, na sahani ya visheti mkononi, ajitaje jina.

Allah awape maharusi wetu nyumba zenye utulivu na majirani wema, awahifadhi njiani na majumbani mwao. Amin.